Malindi ya Kenya

Naanza na aibu yenyewe. Siku mjomba wangu alipofariki, nilimwambia mama redio imetaja Malindi ya Kenya, siyo Malindi yetu huku Lushoto.

Msikilizaji wa redio nyumbani nilikuwa mimi. Kiswahili cha mama kilikuwa cha kuuzia karoti. Kile cha matangazo ya vifo kilimpita mbio. Kwa hiyo kila alasiri nabandika sikio kwenye spika, maana betri tulishazianika juani mpaka zimeota vitambi, nikisikia la kwetu namgeuzia kwa Kishambaa. Mwezi ule kaka yake alikuwa hoi huko Bulwa, kwenye mashamba ya chai. Simu hakuna. Habari yake ingekuja kwa redio au kwa miguu ya mtu.

Sasa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, zikatuletea jenereta, deki ya video na televisheni moja, ndani ya banda la mabati jirani na mashine ya kusaga. Picha za ngumi, alasiri ile ile ya matangazo ya vifo. Mimi niliyeishia kidato cha pili nikawa ndiye mkalimani. Mtu akifoka kwenye kioo, nasema, "Anadai mbuzi wake wa mahari." Watu hawana mbavu. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni, ila nani angenisahihisha? Naingia bure, nasimama mbele kama hakimu.

Siku ile mjomba alipofariki narudi kutoka bandani, mama ananiuliza, "Wametaja Malindi. Mengine sikuyashika. Itakuwa nini?"

"Ya Kenya hiyo, mama. Ya baharini, ya Wazungu."

"Una hakika?"

"Sisi watutangaze tuna nini, kabichi?"

Akacheka, akaendelea kumenya viazi.

Siku ya tatu akaja mtu kutoka Bulwa, kanzu nyekundu kwa vumbi. Akasema waliwangoja ndugu wa Malindi mpaka kesho yake alasiri, wakaona haiwezekani tena, wakazika. "Tulitangaza redioni. Hamkusikia?"

Mama akanitazama. Halafu akamjibu mgeni kwamba betri zilikuwa zimekufa.

Watu wakajaa nyumbani kutoa pole. Mimi, mdomo wote ule, nilishindwa hata kusema shikamoo ikasikika. Nikajificha nyuma ya nyumba, napasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Akanifuata rafiki yangu, yule aliyekuwa anakaa mlangoni pale kwenye banda la video. Akaanza kunipangia kuni.

"Mama yako alikuja siku ile," akasema. "Alitaka uende ukasikilize redio. Nikamwambia, mama, subiri kidogo, anatafsiri. Akauliza wanacheka nini humo ndani. Nikamwambia mwanao anawachekesha. Akafurahi kweli. Akasema, basi mwache amalize."