Saa Juu ya Meza

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa kuwa hakuna fundi aliyekunja pindo la suruali likatulia kama lake. Alikuwa na cherehani ya miguu, kibaraza chenye kivuli hadi adhuhuri, na mkono wa kushoto usionyooka sawasawa. Mteja mgeni akiuliza mkono umepatwa na nini, alijibu, "Nilianguka," kisha akamuuliza anataka mifuko mingapi.

Hakuanguka. Aliwahi kuwa mke wa Karani, mtu wa ofisi ya ardhi, nadhifu, mpole kwa watu. Akikutana na kikongwe amebeba mzigo, ataupokea hadi mlangoni. Majirani walimsifu hadi wakakaukwa na mate. Nyumbani, Karani alikuwa na desturi yake. Akikasirika hapazi sauti. Anavua saa ya mkononi, anailaza mezani taratibu, kama mtu anayetaka kunawa. Kisha ndipo. Mama Pindo alifikia hatua ya kuogopa mlio mdogo wa saa ikigusa ubao kuliko ngumi yenyewe.

Mkono ulipovunjika, alifunga virago mchana kweupe, Karani akiwa kazini na binti yao akiwa kwa bibi yake. Binti alikuwa mdogo bado, ana alama nyeusi kidevuni, ndiyo maana wakamwita Kidoti. Mama Pindo alipanga apate chumba kwanza, kisha amfuate. Chumba alikipata. Alipomfuata mtoto, mama mkwe alisimama katikati ya mlango.

"Umeondoka kwa miguu yako mwenyewe. Mtoto ana kwao."

Alirudi, akarudi tena, akaenda hadi kwa wakubwa wa mtaa, nao wakampa pole na kumrudisha kwa mama mkwe. Mwisho aliambulia kuletewa mtoto kila Jumamosi, acheze na vipande vya vitambaa chini ya cherehani.

"Baba hajambo?"

"Hajambo."

"Na wewe, mwanangu?"

"Sijambo, mama."

Hakuuliza zaidi. Alijiambia kwamba Karani hawezi kumgusa Kidoti, maana mtoto yule alikuwa roho yake. Hilo ndilo alilolala nalo na kuamka nalo miaka yote, hadi binti akampita mama yake begani.

Siku moja akaja msichana mmoja mwenye kofia isiyovuliwa hata ndani ya nyumba, na bila shaka watu walimwita Kofia. Alikuwa anatengeneza filamu ya mke anayepigwa na mumewe mpaka siku mke naye anapojibu. Alitaka nguo za waigizaji.

"Ila shangazi, sisi hatuna mfadhili," alisema. "Tuna kamera ya kuazima na njaa."

Mama Pindo akacheka, akakubali. Alishona huku wenzake Kofia wakifanya mazoezi pale pale kibarazani. Wiki haijaisha, mwigizaji wa mke akajitoa.

"Mchumba wake kamkataza," Kofia alieleza. "Anasema hataki apigwe na mwanaume mwingine."

Alicheka mwenyewe, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Akamtazama fundi, ambaye maneno yote ya mke alikuwa ameshayajua kwa kuyasikia. "Shangazi, hutaweza wewe?"

Mume aliigizwa na Kinyozi wa pale kona, mwanaume wa miraba minne asiyeweza hata kutazama kuku akichinjwa. Walipopiga picha ya kwanza, aliinua mkono, akauzuia karibu na shavu, Mama Pindo akaanguka kama alivyofundishwa. Kofia akasema, "Kata!" Kinyozi akapiga magoti haraka.

"Dada, sijakuumiza? Hebu nione."

Mama Pindo akaanza kulia. Alijikaza, wapi. Kazi ilisimama hadi baada ya chakula cha mchana, na Kinyozi wa watu alizunguka uani akiwaapia wenzake kwamba hakumgusa. Kweli hakumgusa. Ila katika ndoa yake nzima hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali lile.

Kesho yake alikuja na ombi moja. "Mume avue saa kwanza. Ailaze mezani, polepole."

"Kwa nini?" Kofia aliuliza.

"We mwache aivue tu."

Hakufafanua. Aliamini kwamba duniani kote jambo lile linajulikana na watu wawili, yeye na Karani. Kwenye filamu mke angempiga mume kwa pasi, mume asiamke, lakini huo ulikuwa mchezo. Kisasi chake hasa kilikuwa ile saa. Alitaka Karani ajione kwenye ukuta mpana, mbele ya haohao wanaomsifu, aone aibu hadi ashindwe kuinuka kitini.

Filamu ilionyeshwa Jumapili alasiri katika ukumbi wa shule, madirisha yamezibwa kwa vitambaa vyeusi alivyoshona yeye mwenyewe. Karani alialikwa, akaja na Kidoti, akakaa mbele huku akisalimia watu kulia na kushoto. Mama Pindo alisimama pembeni, akautazama uso wake badala ya filamu.

Saa ikalazwa mezani. Ukumbi ukawa kimya. Mama Pindo alingoja. Karani akatikisa kichwa na kusikitika, kama walivyosikitika wengine wote. Pasi iliposhuka, watu waliruka kwa shangwe, na Karani naye akasimama, akapiga makofi.

Taa zilipowashwa Karani alimfuata palepale ukutani. "Hongera, mama Kidoti. Umenitoa machozi, kweli tena. Wanaume wa aina ile ni wanyama, wanastahili."

Macho yake yalikuwa na unyevu. Mama Pindo aliyachunguza akitafuta kejeli, hakuiona. Mtu yule alikuwa amesahau. Yale yaliyouvunja mkono wake na maisha yake, mwenzake aliyaacha njiani kama tikiti ya safari iliyokwisha.

"Kidoti yuko wapi?" Karani aliuliza, akigeuka. Kiti kilikuwa kitupu.

Mama Pindo alimkuta nyuma ya ukumbi, amechuchumaa kando ya tangi la maji. Alikuwa ametapika.

"Mwanangu, ni mchezo tu ule."

"Ile saa uliwaambia wewe."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulijua." Sauti ya binti ilikuwa ndogo. "Ulijua anavyofanya, ukaniacha naye."

"Kidoti, wewe hawezi… wewe ni…"

"Bado anaivua, mama."

Kulikuwa na joto, na Kidoti alivaa mikono mirefu. Mwaka mzima alikuwa akiomba mikono mirefu. Mama Pindo alimshonea, tena kwa furaha, akidhani binti amekua na sasa anapenda kujisitiri. Alikaa chini palepale kwenye matope. Pigo alilomlenga mume lilimpita mume bila kumgusa, likampata mtoto.

Karani akatokea, anatabasamu kwa sababu watu walikuwa karibu. "Kidoti, twende."

Mama Pindo aliinuka. "Haendi."

"Sinema imekwisha, mama Kidoti. Usituanzishie nyingine."

"Haendi!"

Kinyozi alisogea, akasimama kando yake, Kofia naye upande wa pili. "Kaka," Kinyozi alisema kwa upole wake, "umesikia. Haendi." Watu wakaanza kugeuza shingo. Karani akaweka kola yake sawa, akasema watoto wa siku hizi wana vituko, akaondoka.

Kesi ilifunguliwa, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Karani bado anakwenda ofisini, bado anawapokea vikongwe mizigo yao. Filamu ilisafiri, ikapata hata tuzo ndogo mahali fulani, Kofia akaja mbio kumwonyesha picha. Mama Pindo alishukuru. Filamu yenyewe hajaitazama hadi leo.

Kidoti anaishi naye katika kile chumba kimoja. Ni mtoto wa adabu; anaosha vyombo, anaitika akiitwa, analala ameelekea ukutani. Siku moja mama alimwambia, "Ilipasa nikuchukue siku ileile."

"Ndiyo," Kidoti alijibu, basi.

Alasiri nyingine wakiwa kibarazani, binti anafumua gauni la mteja, Mama Pindo alipiga moyo konde.

"Utanisamehe siku moja?"

Kidoti alikata uzi kwa meno, akafikiri.

"Sijui, mama," alisema. "Bado nafikiri. Huu mshono wa kwapani nao nifumue?"

"Fumua," mama akajibu, akainamia cherehani asionekane uso.