Riziki Ambayo Fundi Were Hakuthubutu Kuiomba

Kila Jumapili, katika kanisa la mabati nyuma ya soko la Satellite, waumini walisimama wakasali sala ya Bwana kwa sauti moja. Na kila Jumapili, kwa miaka tisa, walipofika mahali pa kuomba riziki ya leo, Fundi Were alifunga mdomo. Ivyne, mkewe, alikuwa ubavuni mwake asijue, maana yeye husali amefumba macho.

Were hakuwa mtu asiye na imani. Alikuwa fundi wa majeneza. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara, na wapita njia walipoifikia waligeuza nyuso. Siku aliyopata kazi, mahali fulani palikuwa na kilio. Basi angeombaje riziki? Aliona kwamba akisema "Nipe," Mungu atamuuliza, "Nimchukue nani?" Kwa hiyo aliamua kutomsumbua Mungu kwa jambo hilo. Riziki akajitafutia mwenyewe, kwa kuhangaika.

Na alihangaika kweli. Asubuhi alisimama kwa muuza magazeti akasoma matangazo ya vifo kabla ya habari nyingine yoyote. Akisikia mzee wa jirani akikohoa, masikio yalimsimama. Watu husema wasiwasi ni udhaifu wa moyo tu. Wanakosea! Wasiwasi una meno. Ukiulea nyumbani mwako, siku moja utamtafuna jirani yako.

Julai ilipoingia na baridi yake, zilikuwa zimepita wiki tatu bila mteja. Wenye nyumba ya Kitisuru, mtaa wa matajiri, ambako Ivyne alifua nguo walikuwa wamesafiri ng'ambo, na geti lao, refu kama la gereza, halikuwa na mtu wa kuulizwa watarudi lini. Debe la unga nyumbani likawa linatoa mlio ukiligonga.

Ndipo Mwololo alipokuja, Jumanne mchana. Mwololo alikuwa dalali. Katika mji huu hata kifo kina dalali: hukaa nje ya mochari, huwapokea waliofiwa kwa pole nyingi, kisha huwapeleka kwa fundi aliyemwahidi chochote.

"Fundi, bado umekalia stuli?" alisema. "Kifo hakikufuati kwa duka, buda. Kinapokelewa steji kama mgeni."

"Mimi siwezi kukimbizana na watu wanaolia."

"Watalia tu, ukuwe ama usikuwe. Afadhali walilie kwako." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Sikia. Unajua Mama Shiku, yule wa mandazi hapo ng'ambo? Mtoto wake amelazwa, mapafu. Niko na mtu huko wodini. Ameniambia huyo hafiki Ijumaa. Wewe anza tu. Hiyo siku ikifika, mama nakuletea mpaka hapa."

Mwololo alipoondoka, Were alitazama ng'ambo ya barabara. Jiko la Jackie, Mama Shiku, lilikuwa limepoa, limefunikwa karai. Shiku alikuwa na miaka sita. Alizoea kuja karakanani kuokota maranda yaliyojikunja, akayavaa kichwani na kuwaambia wateja, waliokuja wakiwa na macho mekundu, kwamba ametoka saluni.

Were alichukua ubao wa saiprasi. Hakuamua, mkono ndio uliochukua. Akakadiria kwa macho, akatia alama kwa penseli, akaanza kupiga randa. Alipiga kwa nguvu ambazo hakuwa nazo kwa wiki tatu. Ivyne alipokuja, alimkuta akipiga na mluzi.

"Baba Anita! Umepata kazi?"

"Bado."

"Sasa hiyo ni ya nani?"

Were akapuliza maranda yaliyobaki ubaoni. Ivyne aliweka kiganja chake juu ya ubao, akapima kwa shubiri kutoka alama hadi alama, kisha akatazama lile karai ng'ambo. Alikuwa mama, hakuhitaji kuambiwa.

"Huyo mtoto anapumua, Were." Tangu mtoto wao Anita azaliwe hakuwa amemwita kwa jina lake. "Anapumua, na wewe unapiga mluzi."

Randa ilimtoka mkononi. Aliketi chini kwenye maranda, akamweleza mkewe yote: maneno ya Mwololo, na ile sala ya miaka tisa yenye pengo katikati. Ivyne alimsikiliza hadi mwisho.

"Nani alikwambia Mungu ana mlango mmoja tu wa kupitishia chakula?" alisema. "Umemfunga mikono, halafu unaogopa kwamba hana kitu."

Were alipiga magoti palepale, mbele ya meza yake ya kazi, magari yakipita. "Baba," alisema, "tupe leo riziki yetu. Lakini mtoto wa Jackie usinipe. Na kama hakuna nyingine, tutalala hivyo, na bado nitakuita Baba."

Kisha akasimama, akakata ule ubao vipande vidogo, visiweze kumzika hata mwanasesere. Ivyne akavitia mekoni, akapika uji usio na sukari. Mwololo alipopiga simu, Were alimwambia asimletee mtu.

"Utakufa njaa, fundi," alisema Mwololo. "Na wewe nani atakupima?"

Jumatano hakuja mteja. Alhamisi hakuja mteja. Walikula mboga za managu ambazo Ivyne aliruhusiwa kuchuma katika shamba la rafiki yake Peres, kule Mutuini. Hofu ilimwamsha Were kila alfajiri, na kila alfajiri alimwambia Mungu maneno yaleyale, kisha akafungua karakana. Alikuwa na njaa. Lakini kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, hakuhitaji mtu afe.

Ijumaa, saa nne asubuhi, Jackie alivuka barabara mbiombio, leso begani, akielekea karakanani. Were aliweka randa chini.

"Mama Shiku," alisema. "Pole. Pole sana."

"Pole ya nini? Mtoto ameitisha chapati!" Jackie alikuwa akicheka na kufuta machozi kwa pamoja. "Lakini daktari amesema asilale chini tena. Hiyo simiti ndiyo inamuua na hii baridi. Nataka kitanda. Wamama wa chama wamenichangia. Unajua kitanda, ama wewe ni yale mambo yako tu?"

"Najua."

"Basi kuja umpime. Hataki kitanda cha kukunja miguu."

Were alikuwa amepima watu wengi katika maisha yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutikisika. Wodini, Shiku alikuwa amelala chali, uso umekonda, macho makubwa. Fundi alinyoosha futi yake ya utepe kutoka utosini hadi kisiginoni, na utepe ulipomgusa unyayo, mtoto aliuvuta mguu akacheka, akakohoa, kisha akacheka tena. Ilibidi Were aanze upya.

"Futi tatu na nusu," alisema hatimaye.

"Ongeza," Shiku akasema. "Mimi bado nakua."

Were alikunja utepe. Kisha akachukua penseli sikioni na kuandika: futi sita.

"Sita!" Jackie akashangaa. "Fundi, unatengenezea mtoto ama askari?"

"Mtoto," alisema Were, na akaipigia mstari ile sita.