Titi Langu Mbele ya Wakwe wa Mama Lele

Mwaka ule bei ya unga wa mahindi haikushikika, sisi wa mtaa wa Huruma tukala viazi vitamu asubuhi na jioni mpaka hata harufu yake ikatuchosha, ndipo nilipopata aibu ambayo sijaimaliza hadi leo (afadhali niieleze mwenyewe, wengine wanatia chumvi).

Nilikuwa nafua nguo kwa Wachina fulani mtaa wa Baba Dogo. Bwana alisimamia kiwanda cha ndala, na walikaa juu ya kiwanda hicho hicho. Mkewe alikuwa amejifungua mvulana, Lele, basi tukamwita Mama Lele. Kwao mzazi hufungiwa ndani mwezi mzima, haoshi nywele, hagusi maji baridi, na mama mkwe ndiye anayempikia. Lakini mama mkwe huyu alikuwa kwao Uchina, miguu inamsumbua, kwa hiyo alichunga kwa simu, na kila mchana simu iliegemezwa kwenye thamosi ili amwone mjukuu. Tena alishasema: maziwa yasipotoka, mtoto apelekwe kwake alelewe kwa maziwa ya kopo.

Na maziwa yalikataa. Matiti yalikuwa magumu kama mawe, akinyonyesha anauma shuka. Nilimtafutia kwato za nguruwe, akazichemsha na papai bichi wanavyofanya kwao, mimi nikamkanda kwa kitambaa cha moto na kumnywesha uji wa wimbi, maana nimenyonyesha saba na sikuwahi kukosa tone. Siku moja nilimwonea huruma nikamwambia ampe mtoto kopo kidogo, apumzike. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota kwa wafanyakazi, walioniita Shosho, yaani nyanya, lakini hilo alilisema sawasawa.

"Hapana, Shosho. Lele ananyonya."

Yakaanza kuja, kidogo kidogo. Mchana mmoja aliweka simu pale pa kila siku, akajilaza chumbani, usingizi ukamchukua. Lele akalia, nami nikasema nisimwamshe mama wa watu. Hapo ndipo nilipojiharibia. Kwetu nyanya humpa mjukuu titi lake kavu ili anyamaze, si chakula, ni kama kumpa kidole ashike. Sikukumbuka kwamba huyu si mjukuu wangu. Nikafungua blauzi, nikatoa titi (siku hizi nalikunja kama soksi), nikaupa mlango mgongo kwa heshima, kumbe nageukia thamosi.

Simu ilikuwa wazi. Upande wa pili ukoo mzima ulikuwa mezani unakula, na vijiti vikasimama hewani. Mzee mmoja alijifunika uso kwa bakuli. Mama mkwe akapiga kelele, nami nikataka kujisitiri, lakini Lele alikuwa amening'ang'ania kama kupe, nikivuta naye anavuta, titi linazidi kurefuka mbele ya Uchina yote. Nikawapungia mkono. Nilidhani ndiyo adabu.

Mama Lele akaja mbio. Hakunikaripia. Alimchukua mtoto, akaongea na simu muda mrefu, sauti yake ikishuka, ikishuka, kisha akanigeukia.

"Mama ya bwana anasema mimi maziwa hakuna. Ndiyo maana Shosho anapeana yake."

Nikamwambia awaeleze langu ni kavu, tena nikalikamua hapo hapo ili waone wenyewe, na hilo likaharibu zaidi.

Habari ilifika kiwandani kabla sijashuka ngazi. Vijana wa kufunga ndala wakaniuliza kama napeana na mkate. Hayo nilivumilia. Kilichonivunja ni kwamba mtoto alipokaza shingo tu, bwana alipanda ndege naye na akarudi peke yake, wakati huo matiti ya mkewe yamefunguka, yanalowesha kila nguo ninayofua.

Tangu hapo sishiki mtoto wa mtu. Akilia karibu nami naweka mikono nyuma, na mamake anione mbaya.

Siku yangu ya mwisho pale nilimkuta Mama Lele jikoni anajikamulia ndani ya chupa, na friji imejaa chupa kama hizo. Nilikuwa nimembebea leso nimfunge kifua, maziwa yakauke, maana anaumia bure na mtoto huko ameshazoea kopo. Akauondoa mkono wangu taratibu, akakaza kifuniko.

"Hapana, Shosho. Lele ananyonya."