Mbio Zangu Zilivyojaza Watu wa Msiba Uani

Jamani, leo sitoki hata nje. Mimi niko kidato cha tatu, na tangu wenzangu bwenini waanze kuniita Pipa, nikijiona kwenye kioo naona tumbo tu. Basi likizo hii nikaapa kukimbia kila asubuhi hapa kijijini kwetu Dutwa, nirudi shule nimepungua. Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi?

Jana nikapita kwenye mashamba ya pamba, mbavu zinauma mpaka machozi yananitoka. Jirani yetu Mama Kulwa akaacha kuchuma, akanisalimu Kisukuma kwa sauti, "Mwangaluka! Kuna nini nyumbani?" Nikampungia mkono, nikaongeza mwendo. Mjinga mimi! Huku kwetu ukikimbia unalia, ng'ombe wameibiwa au mtu kafa. Na bibi yangu alikuwa anaumwa wiki nzima.

Kurudi nyumbani, nakuta wanawake kama kumi uani, wamekuja na kuni na unga, Mama Kulwa analia kwa sauti. Bibi mwenyewe kakaa kwenye kigoda anakunywa uji, anauliza, "Kafa nani?"

Wote wakanigeukia. Baba akasema, "Wewe ndiye uliyeonekana unakimbia unalia. Sema."

Nikaficha tumbo kwa mikono miwili.

"Sema!"

"Napunguza tumbo, baba."

Mama Kulwa akafuta machozi, akanizunguka, akanikagua mbele na nyuma. "Nimeacha pamba yangu shambani. Hilo tumbo lenyewe liko wapi?"

Na wanawake wote, pamoja na bibi na uji wake, wakaanza kulitafuta.