Matone Yaliyoishia Kwenye Sinki

Nyumba ya ndege ya chuo kile ilikuwa na mtunzaji mmoja tu, naye walimwita Masikio. Hakupewa jina hilo kwa ukubwa wa masikio. Zamani, taa zikizimwa, daktari mtafiti wa enzi hizo, sasa marehemu, alikuwa akimwuliza, "Nani huyo anaimba?" naye hujibu, "Wa tundu la kumi na nne, mtoto wa yule aliyekatika ukucha." Hakukosea. Siku hizi kuna mashine inayogeuza wimbo kuwa michirizi kwenye kioo, na watu wanausoma kwa macho. Aliyejua nyimbo akabaki kuulizwa kama mtama umefika.

Mwaka ule daktari mpya, binti wa rika la kitindamimba wake, alileta dawa. Alimweleza kwa adabu, hilo tusimnyime.

"Mzee, ile homoni tuliyozoea kuiita ya wanawake, ubongo wa chiriku hawa nao huitengeneza, hata wa dume. Kinda akimsikia baba yake akiimba, tunadhani inapanda, ndipo anasikia vizuri na kuushika wimbo. Dawa hii inaizuia. Tunataka kuona kama atajifunza."

"Yaani mnamziba masikio kwa ndani."

"Hapana, atasikia. Ila huenda hatashika."

"Basi atakuwa kama wanafunzi wako."

Daktari alicheka hadi akaegemea meza.

Kila asubuhi Masikio aliwadondoshea makinda sita tone moja moja mdomoni. Chiriku ana muda mfupi wa kujifunza. Akishakomaa, wimbo alionao ndio atakaokufa nao. Kati ya wale sita, mmoja alikuwa mdogo, manyoya yamemsimama kama mtu aliyekurupushwa usingizini. Huyo alijibanza kwenye waya na kumsikiliza baba yake mwanzo hadi mwisho. Masikio alimwangalia akamkumbuka marehemu baba yake, aliyemfundisha miluzi saba ya kuitia ng'ombe, kila mmoja na kazi yake. Wanawe mwenyewe hawakushika hata mmoja. Na ng'ombe wenyewe wako wapi?

Siku ya nne, tone la yule mdogo likaishia kwenye sinki. Na la kesho yake, na yote yaliyofuata. Kwenye fomu akaweka tiki kama kawaida.

Miezi mitatu baadaye, watano walikuwa bado wanababaisha vipande vipande. Mdogo akaimba wimbo wa baba yake mzima, mpaka ile sauti nyembamba ya mwisho. Hiyo Masikio aliijua kwa kutazama koo linavyotikisika. Sauti nyembamba zilikuwa zimeyakimbia masikio yake miaka miwili sasa, wala hakumwambia mtu.

Daktari akaja mbio. "Mzee! Huyu kanywa dawa yote na bado kajifunza! Lazima tujue ubongo wake una nini."

"Mtajuaje?"

"Ijumaa tunampasua."

Masikio alirudi kwenye ufagio wake. Kumbe huruma yake ndiyo iliyokuwa ikinoa kisu. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Akikaa kimya, hakuna atakayejua. Ijumaa, kabla ya chai, akabisha hodi.

"Mwanangu, usimpasue. Hakunywa dawa. Nilimwaga."

Daktari akaketi taratibu. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya nne."

"Na wale watano?"

"Walikunywa. Haki ya Mungu."

"Nitakuaminije sasa, mzee?"

Kazi ya miezi yote hiyo ikatupwa. Wale watano walikuwa wamepotezewa nyimbo zao bure, na hilo lilimuuma kuliko barua ya kuachishwa kazi. Siku ya kuondoka, daktari alimkabidhi yule chiriku mdogo ndani ya boksi la viatu, kwa mlango wa nyuma, bila kumtazama usoni.

Sasa tundu liko dirishani, kwenye chumba chake cha kupanga. Kila asubuhi chiriku huimba. Masikio humfuata mpaka katikati, kisha hubaki kutazama koo. Binti yake akija kufua, humwuliza:

"Kamaliza?"

"Kamaliza, baba. Huyu naye, wimbo ni ule ule kila siku!"

"Ndio alioachiwa," husema Masikio, na kumjazia mtama. Kinda wa kuupokea hayumo chumbani mle.