Lebo ya Mkasi Mwekundu

Koti lilikuwa la kijivu, zito, na ndani ya kola lilishonewa lebo ndogo yenye picha ya mkasi mwekundu. Chini ya mkasi kulikuwa na maandishi, lakini shingo ya babu ilikuwa imeyala kwa miaka mingi, zikabaki herufi chache za mwisho. Babu huyo ndiye aliyemzaa mama, na alikuwa amekwisha kufa. Koti nililichukua Rugu, kwao mama, kwa mjomba, sandukuni.

Nililitafutia asili yake kwa sababu ya kibanja chetu cha Chonyonyo, shamba la migomba na kahawa lenye nyumba yetu. Baba alipofariki, baba mdogo alisema mama hakuolewa, alikaa tu. Ni kweli hawakufunga ndoa kanisani. Baba alikuwa akisema watafunga mwaka ambao kahawa itauzwa vizuri. Kwa hiyo ushahidi uliobaki ni mahari, na kwetu mahari hayakamiliki bila koti ambalo mwoaji humpa baba mkwe. Rubisi, pombe ya ndizi, inanywewa, mbuzi analiwa, koti ndilo linalobaki kuonekana. Wazee wa ukoo walimwambia mama alete ushahidi kwamba koti lile lilitoka kwa mumewe. Kama hana, ahame.

Mama hakuwa na wasiwasi. Siku ya mahari alikuwa chumba cha ndani na shangazi zake, kama mwali anavyokaa, kwa hiyo hakuona nani alitoa nini. Lakini wageni walipoondoka alimwona baba yake amesimama uani na koti jipya, akijipangusa mabega. Aliwaeleza hivyo wazee. Baba mdogo akamjibu mbele ya wote.

"Makoti yamejaa mnadani, shemeji. Na mimi nikivaa la mzungu, ndiyo kusema nimeoza binti Ulaya?"

Watu walicheka. Lakini mimi niliwaza kwamba mtumba hauna fundi, na koti lenye fundi lina mtu anayejua nani alilileta kushonwa.

Nilianza Kayanga. Vijana wenye vyerehani waliitazama lebo, wakasema hawaijui, mmoja akaniuliza kama naliuza. Mama mmoja anayeshona sare za shule aliligeuza koti, akafuata mishono kwa kidole, akasema huu si mtumba, na lebo ya mkasi aliiona utotoni kwao Kyerwa. Fundi wake alikuwa akikaa Nyakatuntu, huko huko Kyerwa. Kama yu hai hakujua.

Njia nzima ya kwenda Nyakatuntu nilifurahi. Mama aliwahi kuniambia kwamba baba, kabla ya kuoa, alipakia kahawa pande zile. Nikamwaza akiwapita mafundi wote wa karibu ili amshoneshee baba mkwe kwa fundi mzuri wa mbali. Kumbe alimpenda mama kiasi hicho, nikasema moyoni.

Fundi alikuwa hai. Nilimkuta barazani akichambua maharage, cherehani ameshakiuza. Nilisema shikamoo, nikakaa, akaniuliza kama nimetumwa au nimepotea. Nikampa koti.

Alipoona mkasi alicheka. Alisema lebo hizo aliziagiza Uganda kwa mfanyabiashara, akaletewa bahasha nzima, kwa kuwa wateja wa wakati ule hawakuliamini koti lisilo na kitu shingoni.

"Leo nyinyi mnalipia suruali iliyochanika magoti," alisema. "Sisi ikichanika tulijificha."

Aliingiza mkono ndani ya koti, akapapasa bitana kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kwenye bega la kushoto mkono ulisimama. Akalibinya bega hilo, akabinya na la kulia, akarudi la kushoto.

"Huyu bega lake liliteremka. Nilimwongezea pamba."

Nilimwambia ndiyo, babu alikuwa hivyo. Nikamweleza habari yote, mahari, baba, kibanja. Nikamwomba akumbuke kama kijana mmoja mpakia kahawa alimletea kipimo. Upande wa mwoaji ndio huleta kipimo. Humpima mkwe kwa ujanja, kwa ukamba wa mgomba wenye mafundo, ili asijue koti litakuwaje.

Fundi alilikunja koti juu ya magoti yake.

"Ukamba hauwezi kuonyesha bega lililoteremka, mjukuu wangu. Alikuja mwenyewe."

Alisema babu alifika kwa miguu na gunia la kahawa begani, malipo ya koti. Alimwambia fundi kwamba wakwe wanakuja na koti hawana, na hataki binti yake achekwe na majirani. Kijana ni mzuri, atalipa akipata. Alimwomba asilitaje jambo hilo kwa mtu yeyote wa Rugu. Ndiyo sababu alitembea mbali vile.

"Mkinihitaji kikaoni nitakuja," fundi alisema. "Lakini nitasema haya haya."

Nilimshukuru. Alinirudishia koti kwa mikono miwili.

Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi. Nilimweleza kama nilivyoelezwa, na kisu hakikusimama mpaka nilipofika kwenye gunia. Hapo alikaa na ndizi mkononi.

"Ndiyo maana baba hakuwahi kuja kula kwangu, mahari hayakuwa yamekamilika," alisema. "Nilikuwa nafikiri ni miguu inamuuma."

Kisha akaendelea kumenya. Baba yangu hakumtaja, wala mimi sikumtaja. Lakini usiku ule na siku zilizofuata niliwaza kwamba baba naye alijua koti halikutoka kwake, kila mwaka alipotuambia kahawa ya mwaka huu si nzuri.

Kwenye kikao hatukwenda na koti. Wazee waliuliza shahidi yuko wapi, mama akasema hakuna. Baba mdogo safari hii hakufanya mzaha, alitazama pembeni tu. Walituruhusu kuvuna kahawa iliyokuwa imeiva, kisha tuhame. Tulipokuwa tukiichuma, wana wa baba mdogo walikuwa upande wa chini wakikata migomba aliyoipanda mama, wapate mahali pa nyumba.

Sasa tuko Rugu. Mjomba alitupa chumba cha uani na kipande cha shamba kwenye mteremko. Hatusemi vibaya juu yake, na mkewe hutugawia chumvi. Lakini siku ya kwanza mjomba alimwambia mama, kwa upole, apande maharage na mahindi, na viazi akipenda. Migomba asipande, maana mwenye migomba ndiye mwenye mahali.

Mama alisema amesikia. Tunapalilia maharage. Yakivunwa, mjomba anataka kipande hicho kwa kahawa yake, atatuonyesha mahali pengine.