Mwalimu Rosnani Mlangoni kwa Bibi Harusi

Usiku ule nilikaa jikoni nikikuna nazi ambayo hakuna aliyeihitaji, nikimsubiri mwanangu Hafizan. Alikuwa amekwenda kumwomba Mwalimu Rosnani awe msemaji wetu mlangoni kwa bibi harusi. Kwetu Siak bwana harusi haingii hivi hivi. Mpambaji wa bibi harusi hufunga mlango na kurusha pantun, ubeti wa mishororo minne, nasi hujibu kwa ubeti mpaka aridhike. Niliomba moyoni Mwalimu akatae. Mama mtu, Mak wake, ni mimi, na pantun nimezisikia tangu nikibebwa mgongoni na bibi yangu.

Pikipiki ya Hafizan ikaingia uani.

"Mak, amekubali!"

"Alhamdulillah," nikasema, nikaendelea kukuna mpaka nikajikata kidole.

Mwalimu Rosnani alikuja shuleni kwetu akiwa msichana mwembamba mwenye baiskeli, na hakuolewa. Jioni watoto walijaa barazani kwake wakila ndizi alizowakaangia. Aliwafundisha kwa vitu vya pale pale: mshororo ni ubao mmoja wa sakafu, ubeti ni chumba kizima, vina ni misumari inayolia sauti moja. Pantun, aliwaambia, huanza na mishororo miwili ya picha, ndipo ije miwili ya maana. Ukileta maana bila picha, umeingia kwa mtu bila kubisha hodi.

Siku moja nilisema mvua imekasirika. Hafizan, angali mdogo, akapiga makofi. "Mak, hiyo ni tashihisi! Mwalimu anasema ni kukipa kitu tabia ya mtu."

Maneno ni yangu, yametoka kinywani mwangu, kumbe yule mwanamke ameshayapa jina! Tangu siku hiyo kila "Mwalimu anasema" ilinichoma. Hafizan alipougua homa ya dengi nilimkeshea, na alipofumbua macho aliuliza kama Mwalimu amefika. Alikuwa amefika, tena na supu. Niliionja nikitafuta kasoro, nikaikosa.

Basi siku ya harusi tulivuka mto kwa mashua, Rosnani akasimama mbele ya mlango, mimi nyuma ya bega lake. Alijibu mara ya kwanza, akajibu ya pili, watu wakamshangilia. Hafizan alikuwa akitabasamu, hanitazami. Ndipo Cik Semah, yule mpambaji, akachungulia kwenye upenyo wa mlango:

"Jogoo awika ng'ambo ya mto,
Sauti yafika hadi gatini;
Mmetuletea kijana mtoto,
Nani atamlea nyumbani?"

Mwanangu, mtoto? Nikamsukuma Rosnani kwa kiwiko, nikajibu mwenyewe:

"Kijana huyu kazi zote ajua,
Fungueni mlango, hatawachosha!"

Wanawake wa ndani wakaangua kicheko.

"Huo mkia! Kichwa mmekiacha mashuani?"

"Mama mkwe ana njaa, mpeni wali aondoke!"

"Mak!" Hafizan akanong'ona, uso mwekundu. Komeo likasukumwa ndani zaidi, nikalisikia. Mimi, niliyetaka kumwingiza mwanangu, ndimi niliyemfungia nje.

Rosnani hakunisogeza. Akakohoa kidogo. "Cik Semah, mbona una haraka ya kucheka? Dada yangu huyu, Kak Mariani, ameanza na nyama, sahani ninayo mimi.

Doriani laanguka kwa mvua,
Harufu yake majirani yaamsha;"

Akanigeukia, akanipa ishara nimalizie. Watu wote walinitazama. Nilitamani kukataa, maana nikimalizia, ubeti utakuwa wetu wawili, na mimi nilitaka uwe wangu. Lakini jasho lilikuwa likimtiririka Hafizan chini ya kilemba.

"Kijana huyu kazi zote ajua," nikasema, "fungueni mlango, hatawachosha!"

"Haya, sasa kimekamilika chumba!" Cik Semah akacheka. Komeo likalia, mlango ukafunguka.

Rosnani alinishika mkono. Nikauacha ushikwe, ila macho yangu yalikuwa kwa Hafizan, nione atamshukuru nani kwanza. Akatupita sote wawili, hata kidole changu cha mguu akakikanyaga, akaingia kwa mke wake.